Wiki Sita Ndani ya Wiki Moja

Kosa la kwanza lilitokea kabla hatujaandika hata neno moja. Kiongozi wa kikundi alituma ujumbe mfupi: "Pendekezo tutaliandika kwenye wiki." Mimi nikaelewa tumepewa siku saba. Nikajibu kwa ukali kwamba siku saba hazitoshi hata kusoma, sembuse kuandika. Wawili wakaniunga mkono, mmoja akadai zinatosha kwa watu walio makini, na malumbano yakaendelea karibu saa nzima hadi kiongozi alipopata nafasi ya kushika simu yake tena: "Jamani, wiki si juma. Wiki ni tovuti ambayo kila mmoja wetu anaweza kuihariri."

Baadaye nilifuatilia asili ya jina hilo. Mwanaprogramu Mmarekani, Ward Cunningham, alifungua tovuti ya kwanza ya aina hiyo mwezi Machi 1995, na jina alilitoa kwenye basi la abiria la uwanja wa ndege wa Honolulu lililoitwa Wiki Wiki. Kwa Kihawaii maana yake ni haraka haraka. Laiti ningelijua siku ile ningekuwa na hoja nyingine ya kupinga, maana kila aliyelelewa kwa Kiswahili anajua haraka haraka inakosa nini. Kazi yenyewe ilituchukua wiki sita, hizi za kalenda.

Tulikuwa watu sita, na tulitakiwa kuandika pendekezo moja la utafiti kuhusu namna wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanavyotumia simu kujisomea. Wiki yetu iliendeshwa kwa MediaWiki, programu ile ile inayoendesha Wikipedia, ila yetu ilifungwa: walioweza kuingia ni wenye akaunti tu, yaani sisi sita na msimamizi wetu. Kabla ya hapo kazi za kikundi tulikuwa tukitumiana mafaili. Aliyewahi kupokea faili linaloitwa "mwisho", kisha "mwisho kabisa", kisha "mwisho hili ndilo", hahitaji maelezo zaidi.

Siku ya kwanza tulifanya kile ambacho kila kikundi hufanya: tukagawana. Wewe usuli, mimi tamko la tatizo, yule malengo na maswali, huyu mapitio ya machapisho, huyo mbinu, na aliyechelewa kufika akaachiwa bajeti na ratiba. Kiongozi akatengeneza ukurasa mkuu wenye viungo sita. Katika wiki, ukiandika jina la ukurasa ndani ya mabano mawili ya mraba, linakuwa kiungo. Na kama ukurasa huo bado haupo, kiungo kinakuwa chekundu. Tukawa na viungo sita vyekundu. Kila mtu alipohifadhi ukurasa wake, chekundu kimoja kiligeuka buluu.

Nilizipenda rangi zile kupita kiasi. Kila asubuhi nilifungua ukurasa mkuu kuhesabu buluu. Ilichukua muda kugundua kwamba buluu haisemi chochote zaidi ya kwamba ukurasa upo. Mwenzetu mmoja alikuwa ameandika neno "nakuja" tu na kuhifadhi, kiungo chake kikawa buluu kama vingine, na kwa siku nne sote tukaamini mapitio ya machapisho yamekwisha.

Baada ya wiki mbili kurasa zote zilikuwa na maandishi ya kweli. Tukamwalika msimamizi. Alisoma siku moja, kisha akaacha ujumbe kwenye ukurasa wa majadiliano: "Nimesoma. Naona hapa mapendekezo sita. La kikundi ni lipi?" Chini yake akatupa mfano mmoja. Tamko la tatizo lilikuwa linalalamika kwamba simu zinawapotezea wanafunzi muda. Malengo yalitaka kujua wanasoma nini kwenye simu hizo. Mbinu zilikuwa zimejiandaa kupima uhusiano kati ya simu na alama za mtihani. Mapitio, ambayo hatimaye yalikuwa yamekuja, yalihusu kompyuta za maktaba.

Tulisoma ujumbe ule kila mtu akiwa kwao, na kwa saa kadhaa hakuna aliyeandika kitu. Nadhani kila mmoja alikuwa anamlaumu mwingine. Mimi nilikuwa nalaumu mapitio.

Lakini nilipobonyeza kitufe cha historia katika kila ukurasa, niliona kitu kilichoniondolea haki ya kulaumu. Waswahili husema usione vyaelea, vimeundwa. Ukurasa wa historia ndio karakana yenyewe, unaona kila msumari ulipigwa na nani na saa ngapi. Na karakana yetu ilionyesha kwamba kila ukurasa ulikuwa na jina moja tu tangu juu hadi chini. Ukurasa wa tamko la tatizo: mimi, mimi, mimi, mimi. Ukurasa wa mbinu: mwenzetu wa takwimu peke yake. Tulikuwa na chombo kilichobuniwa ili kila mtu aguse kazi ya kila mtu, nasi tulikitumia kama rafu la kuwekea mafaili.

Sababu haikuwa uvivu. Ilikuwa heshima, au kitu kinachovaa nguo za heshima. Nilikuwa nimeusoma ukurasa wa bajeti na kuona kasoro mbili, nikaona si vizuri kumgusia mtu kazi yake. Badala yake niliandika kwenye majadiliano, "Kazi nzuri sana ndugu yangu, labda tu uangalie kidogo pale chini." Pale chini wapi? Uangalie nini? Ndugu yangu aliangalia, hakuona kitu, akanishukuru.

Aliyeuvunja ukimya ni yule mwenzetu wa takwimu, dada asiyependa maneno mengi. Usiku mmoja alifuta nusu ya tamko langu la tatizo. Kwenye kile kisanduku kidogo cha kueleza mabadiliko aliandika: "Hakuna ushahidi." Maneno mawili. Nilikuwa nimetumia siku tano kwenye aya zile.

Wiki ina kitufe cha kutangua, yaani kurudisha ukurasa ulivyokuwa kabla ya uhariri, na ni kitufe kibaya sana kukaa karibu na mtu mwenye hasira. Nilikibonyeza. Kesho yake asubuhi akanitangua naye. Nikamtangua. Akanitangua. Historia inaonyesha tulifanya hivyo mara nne bila kuongea hata neno, kama watoto wawili wanaofunga na kufungua mlango. Mara ya tano hakunitangua. Aliandika kwenye ukurasa wa majadiliano, akinukuu sentensi yangu ya kwanza kabisa, ile niliyoipenda kuliko zote:

"Wanafunzi wengi siku hizi hawasomi kwa sababu ya simu."

Chini yake akauliza: "Wengi ni wangapi? Siku hizi ni tangu lini? Hawasomi nini? Na kama tayari tunajua ni kwa sababu ya simu, kaka, tunakwenda kutafiti nini?"

Nilianza kuandika jibu refu. Nikalifuta. Nikaanza jingine. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu hata la swali moja. Sentensi ile sikuwa nimeitoa kwenye chanzo chochote. Niliitoa kwenye midomo ya watu wazima walionizunguka tangu nikiwa mdogo, nami nikaivika koti la kitaaluma. Swali lake la nne ndilo lililoniuma zaidi. Tamko la tatizo linatakiwa kuonyesha pengo, mahali ambapo maarifa yanakatika. Langu lilikuwa hukumu iliyokwisha kutolewa, utafiti ukiwa umeitwa kuja kupiga mhuri tu.

Nikaandika: "Sijui." Nikaweka vile viwimbi vinne ambavyo wiki huvigeuza kuwa jina na tarehe yako, kwa hiyo mpaka leo imeandikwa kwamba mimi, siku fulani, saa mbili na dakika kumi na moja usiku, nilikiri sijui. Akajibu ndani ya dakika tano: "Mimi pia sijui. Ndiyo tatizo lenyewe, tuliandike."

Tulikaa kwenye ukurasa ule wa majadiliano siku tatu. Wengine wakaingia mmoja mmoja. Aliyeandika malengo akasema haelewi tunaposema "kutumia simu kujisomea" tunamaanisha kusoma maandishi ya somo, au hata kusikiliza sauti na kutazama video za mafunzo. Mwenzetu wa mapitio akakumbuka kwamba vyanzo alivyosoma vilitofautisha muda ambao mtu anasema anatumia na muda ambao simu yenyewe imeurekodi, na kwamba mara nyingi hivyo viwili havilingani. Hilo alilijua tangu mwanzo, ila hakuwa ameliandika popote kwa sababu hakuona linahusu ukurasa wake. Nimelitafakari sana jambo hili. Maarifa ambayo yangebadilisha hojaji nzima yalikuwa yamekaa kichwani mwa mtu siku kumi na nne, yakisubiri mtu mwingine aulize swali kwenye ukurasa usio wake.

Tangu siku hiyo ukurasa wa majadiliano ukawa mrefu kuliko ukurasa wenyewe, na tukaafikiana jambo moja: hakuna kutangua bila kuandika sababu. Maelezo ya mabadiliko nayo yakabadilika. Mwanzoni yalikuwa "marekebisho", "marekebisho tena", "nimerekebisha kidogo". Sasa ukawa unasoma "nimeondoa 'athari' kwa sababu muundo wetu hauwezi kuthibitisha athari" na kujua mwenzako amefikiria nini kabla hujaufungua ukurasa.

Bado tulikuwa na mapendekezo sita. Kugusana sentensi hakukutosha, maana pendekezo la utafiti ni mnyororo: tatizo linazaa lengo, lengo linazaa swali, swali linadai aina fulani ya data, data inadai zana, zana inadai siku na fedha. Tulikuwa tumeukata mnyororo kwa upana, kila mtu akashika pete yake na kuing'arisha. Hakuna aliyepewa kazi ya kuangalia kama pete zimeshikana.

Wazo la kuukata kwa urefu lilitoka kwa mtu wa bajeti, yule aliyechelewa kufika siku ya mgao. Yeye ndiye aliyekuwa anateseka zaidi, kwa sababu kila mtu alipobadilisha kitu, hesabu zake zilianguka. Akapendekeza tuachane na sura. Tulikuwa na malengo mahususi matatu. Kila lengo lichukuliwe na watu wawili, na kazi yao iwe kulifuata kama uzi kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Je, tamko la tatizo linalitaja? Lina swali lake? Mapitio yanasema wengine waliligusa vipi? Vipengele gani vya hojaji vinalijibu? Data zake zitachanganuliwaje? Siku zake ziko wapi kwenye ratiba?

Tukafungua ukurasa mpya wenye jedwali tu. Malengo chini kwa chini, na kwa upande swali, chanzo cha data, zana, uchanganuzi, ratiba, gharama. Ukurasa huo haukuingia kwenye pendekezo lililowasilishwa, na bado ndio ukurasa bora tuliowahi kuandika. Kisanduku kitupu hakifichiki. Sura ya mbinu unaweza kuijaza maneno mazuri mpaka msomaji asigundue kwamba lengo la pili halina zana. Kwenye jedwali tundu linakutazama usoni.

Na tundu kubwa lilikuwa kwenye lengo la tatu, lile la uhusiano kati ya simu na alama za mtihani. Chanzo cha data: patupu. Tungezipata wapi alama za watu? Kwenye kumbukumbu za chuo zinahitaji kibali, pamoja na ridhaa ya kila mwanafunzi. Kuwauliza wenyewe, tukijua watu hukumbuka alama zao kwa ukarimu? Tulibishana siku mbili, kisha tukaliondoa lengo lote. Mwenzetu alikuwa ameandika karibu kurasa mbili kulitetea. Nilitegemea vita. Alizifuta mwenyewe, bila kuombwa, akaandika kwenye maelezo: "Zimelala kwenye historia, tukizihitaji tutaziamsha." Sidhani angekubali upesi hivyo kwenye faili la kawaida, ambako kilichofutwa kimekwenda. Binafsi, katika mambo yote ya wiki, hilo ndilo ninaloliona kubwa: inafanya kufuta kusiume.

Mahali pa lengo lile tukaweka jingine, kulinganisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wa pili. Uamuzi mdogo, tuliufanya jioni moja tukiwa tumechoka. Nitaeleza ulivyotutesa.

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza tuliowalenga walikuwa 400. Kwa fomula ya Yamane, ile ya kukokotoa ukubwa wa sampuli, ukikubali kosa la asilimia 5, unagawanya 400 kwa jumla ya moja na zao la 400 mara 0.05 mara 0.05, jibu ni 200 kamili. Tulipoongeza wanafunzi 200 wa mwaka wa pili, idadi lengwa ikawa 600, na fomula ile ile ikatoa 240: yaani 160 wa mwaka wa kwanza na 80 wa mwaka wa pili, kwa uwiano. Mwenzetu wa takwimu akarekebisha ukurasa wa mbinu usiku ule ule. Ila ikisiri iliendelea kusema 200. Bajeti ikaendelea kuchapisha hojaji 200. Ratiba ikaendelea kutenga siku za kuwafikia watu 200. Na kichwa cha utafiti kikabaki "wanafunzi wa mwaka wa kwanza". Tulizihesabu baadaye: namba ile ilikuwa imetajwa mahali kumi na moja, na baada ya kila mtu "kurekebisha" alipoiona, zilikuwepo 200 nne, 240 sita, na 220 moja ambayo hadi leo hakuna anayekiri kuijua.

Dawa ilikuwa ndani ya wiki siku zote. Inaitwa kigezo. Unaandika namba mara moja kwenye ukurasa wake, kisha kila mahali unapoihitaji unaweka jina la kigezo ndani ya mabano mawili ya mawimbi, na wiki yenyewe inaichota. Tukatengeneza kigezo cha sampuli, kingine cha idadi lengwa, kingine cha kichwa cha utafiti. Ukibadilisha mahali pamoja, imebadilika pote. Siku iliyofuata mtu mmoja, kwa nia njema kabisa, alifungua kigezo cha sampuli akaona namba haina nukta mwishoni, akaiwekea. Pendekezo zima likawa na "watafitiwa 240. watajaza hojaji". Tulicheka mpaka machozi, tukamsamehe, tukakifunga kigezo.

Sasa kosa langu, ambalo si la kuchekesha.

MediaWiki inaruhusu watu wawili kuhariri ukurasa mmoja kwa wakati mmoja. Wakigusa sehemu tofauti, mara nyingi yenyewe inaunganisha kimya kimya. Wakigusa mistari ile ile, wa pili kuhifadhi anaonyeshwa mgongano wa uhariri: juu maandishi yaliyopo sasa, chini maandishi yake, naye anatakiwa kuhamisha mabadiliko yake kwenda juu kwa mkono. Mimi nilikuwa nimefungua ukurasa mzima wa mbinu badala ya sehemu moja, nikaufanyia kazi karibu saa mbili bila kuhifadhi. Mgongano ulipotokea nilikuwa na usingizi. Nikanakili kisanduku changu chote cha chini, nikakibandika juu ya kile cha juu, nikahifadhi, nikalala.

Katika saa mbili zile mwenzetu mmoja alikuwa ameandika sehemu nzima ya maadili ya utafiti: ridhaa ya watafitiwa, namna ya kuficha majina yao, nani atashika data na kwa muda gani. Niliifuta yote. Huyu ndiye aliyekuwa na intaneti mbovu kuliko sisi sote; alikuwa akiandika kwenye simu, akivizia mtandao urudi ili ahifadhi aya moja moja. Asubuhi alipoona haipo alidhani simu yake haikuhifadhi, akaanza kuiandika upya kutoka kichwani. Hakuwaza kuangalia historia, wala hakumlaumu mtu. Nilipoigundua jioni alikuwa amekwisha kuandika nusu kwa mara ya pili.

Nilirudisha toleo lake kwa mibonyezo miwili. Kisha nikampigia, maana hili halikuwa la kuandika. Alinyamaza kidogo akasema, "Sawa kaka, kumbe simu yangu haina kosa." Sentensi hiyo sijaisahau. Tangu hapo nahariri sehemu moja kwa wakati, nahifadhi kila baada ya dakika chache, na nikiona mgongano nasimama nanawa uso kwanza. Tukajizoesha pia kugawa aya ndefu kuwa fupi wakati wa rasimu, kwa sababu programu inalinganisha mstari kwa mstari, na aya nzima kwake ni mstari mmoja. Aya za nusu ukurasa ni mwaliko wa ajali.

Ni huyo huyo wa maadili aliyetuletea mjadala wa nani kafanya nini. Tulitakiwa kuambatanisha tamko la mchango wa kila mwanakikundi, na mtu mmoja akapendekeza tuhesabu mahariri, kwa kuwa wiki inahesabu yenyewe. Kwa hesabu hiyo bingwa angekuwa bundi wetu, mwenzetu asiyelala, ambaye saa nane za usiku alipita kurasa zote akihamisha koma. Na wa mwisho angekuwa aliyeandika maadili, mara mbili. Tukaacha. Tukapitia historia ukurasa kwa ukurasa, tukilinganisha matoleo, tukaandika kwa maneno. Jioni nzima iliisha, na katika jioni hiyo tuligundua kwamba mchango mkubwa wa kiongozi wetu ulikuwa maswali yake kwenye majadiliano. Nje ya ukurasa wake wa mwanzo alikuwa hajaandika hata aya mbili.

Historia ilifichua pia jambo lisilopendeza. Aya moja ya mapitio ilikuwa imeingia kwa mkupuo, maneno kama mia sita katika uhariri mmoja, ikiwa na namba za rejea kwenye mabano, 12, 15, 31, wakati orodha yetu haikuwa na vyanzo thelathini na moja. Hatukuhitaji mashine ya kugundua wizi wa maandishi. Mhusika alisema aliibandika kwa muda tu ili aje aiandike kwa maneno yake, na nafikiri alisema kweli, kwa kuwa wengi wetu tulikuwa na tabia hiyo. Tukaihamishia kwenye ukurasa wake binafsi wa mazoezi. Ukurasa wa pamoja ukawa si mahali pa kuhifadhia ya wengine, hata kwa saa moja.

Kuhusu marejeo nitasema kifupi: yana hasira. Chanzo unachokitumia mara nyingi unakipa jina mara ya kwanza, na baadaye unakiita kwa jina hilo tu. Mtu akiifuta aya iliyobeba chanzo chenyewe, vyote vilivyokuwa vikikiita vinageuka onyo jekundu. Tulipofuta lengo la tatu, maonyo saba yalitokea kwenye aya ambazo hakuna aliyezigusa. Kihamishe chanzo kwanza, ndipo ufute.

Siku mbili kabla ya kuwasilisha tulilihamishia pendekezo kwenye faili la kawaida, kwa sababu ndivyo lilivyotakiwa. Majedwali yakapasuka, vigezo vikabaki na mabano yake, na saa sita za usiku watu wawili wakaanza kurekebisha sentensi kwenye faili wakati wengine bado wanarekebisha kwenye wiki. Tulirudi palepale pa "mwisho kabisa". Kiongozi akafanya kitu ambacho angelifanya mapema: akazifunga kurasa zote zisihaririwe, akachukua kiungo cha kudumu cha toleo lile, akakituma na kuandika, "Hili ndilo. Anayeona kosa aseme, atarekebisha mtu mmoja." Akalala. Bundi wetu hakulala, akatuma orodha ya koma ishirini na tatu.

Siku ya kulitetea, mmoja wa wajumbe wa jopo aliinua karatasi akasoma sentensi ya kwanza ya tamko la tatizo: "Mwanafunzi hufika darasani akiwa na simu mkononi, lakini haijulikani ni kiasi gani cha kujisomea kwake kinapita humo." Akauliza, "Hii kaiandika nani?" Mimi nikamwangalia dada wa takwimu. Yeye akamwangalia wa mapitio. Wa mapitio akamwangalia kiongozi, na kiongozi akasema kwa unyenyekevu ambao sikuutegemea, "Sijui, Mwalimu. Kwa kweli hatujui."

Usiku ule nilifungua historia ya ukurasa na kuanza kulinganisha matoleo tangu la kwanza kabisa, ile sentensi yangu ya wanafunzi wengi wa siku hizi. "Wengi" liliondolewa na dada wa takwimu. "Siku hizi" niliiondoa mwenyewe. "Hawasomi" iliondoka na mtu wa bajeti, mchana, bila maelezo. "Kwa sababu ya" ilidumu matoleo tisa, kisha msimamizi akaipigia mstari kwenye majadiliano na mtu wa maadili akaifuta kwa simu yake. "Wanafunzi" akawa "mwanafunzi" saa nane na nusu usiku. Hapo sikuhitaji kuangalia jina. Katika maneno yote niliyoandika siku ile lilikuwa limepona moja tu, "simu".